Kiti Kilichorudi

Miaka minane nyuma walinipitia kinenani.
Waya mwembamba kuliko uzi wa hariri
ukakwea, ukavuka kifua bila kubisha hodi,
ukafika njia panda nyuma ya panja la kushoto,
pale mshipa ulipotuna kama kokwa ya zambarau.
Wakakishindilia kile kifuko platinamu, mizunguko tisa.
Wiki iliyofuata nilivaa viatu vyangu, nikaenda kazini.

Kazi yangu ni viti. Hapa Kuopio, nyuma ya reli,
nayavua makochi ngozi, najaza, nashona.
Kwa hiyo daktari Terhi Pakarinen alipogeuza skrini
na kuanza kutafuta maneno ya upole
nilimkatiza: "Najua. Pamba imelala."
Akatazama picha, akanitazama mimi.
"Imelala," akasema. "Na shingoni damu imerudi kuzunguka."

Hakuna fundi asiyelijua hilo.
Unashindilia manyoya ya farasi mpaka kidole kinagoma,
mteja anaondoka akisifu;
lakini mtu hukaa. Hukaa kila siku, mahali palepale.
Na damu nayo hukaa:
mapigo laki moja kwa siku, kwa miaka minane.
Piga hesabu wewe, mimi ilinishinda.

Urho, mume wangu, aliuliza
kama hawawezi kuongeza nyaya, kwa njia ileile.
Terhi akachora nyuma ya bahasha ya bili:
mdomo mpana, na tawi dogo limeota ubavuni.
"Nikijaza, nitaliziba na hili. Na hili ndilo linalolisha maneno yake."
Urho akanyamaza.
Anayapenda maneno yangu, ingawa hajawahi kukiri.

Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa; mimi sikuwepo.
Walininyoa kipande kisichozidi kiganja,
wakafungua dirisha kwenye fuvu,
wakatenganisha tabaka na tabaka,
taratibu, kama unavyofumua kitambaa cha kale
usichotaka kukichana.
Kifuko kikaonekana, ukuta wake umekonda,
platinamu ndani yake kama skrubu kwenye soksi ya nailoni.

Wakabana mshipa kwa muda. Muuguzi akahesabu kwa sauti:
Dakika moja. Mbili.
Kibano cha kwanza kikakaa, kisha kikateleza,
nyaya zikikisukuma kuelekea mshipa mzazi.
Tatu.
Terhi akakitoa. Ananiambia mkono haukutetemeka;
ananiambia pia kwamba usiku ule alishindwa kula.
Akaachia damu ipite, akangoja, akabana tena.
Cha pili, kilichopinda kidogo, akakilaza chini ya nyaya,
kwenye kijipande cha shingo kilichobaki laini.
Wakatia rangi kwenye damu, wakazima taa.
Mishipa yote ikawaka, hata lile tawi dogo,
na kifuko kikabaki giza.
Sijawahi kusimuliwa giza zuri kama lile.

Nyaya hawakuzitoa. Zimeota humo,
kuzing'oa ni kung'oa na ukuta.
"Kazi nyingine za fundi aliyetangulia unaziacha," alisema,
nami nilimwelewa kuliko alivyodhani.

Nilipoamka nilimjua Urho, niliujua mwezi,
niliijua theluji dirishani.
Sindano sikuijua.
Nilionyesha kwa vidole, nikashona hewa
siku nne nzima, nikilia kwa hasira.
Ya tano, nikinywa supu ya njegere,
neno likaja lenyewe: "Sindano!"
Mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani naomba dawa ya maumivu,
akanibonyezea kengele.

Sasa ni Machi. Jana mteja kanirudishia kiti
nilichokijaza mwaka wangu wa kwanza wa kazi.
Aliona haya kidogo, kana kwamba kosa ni la makalio yake.
Nimekigeuza, nimekata uzi wangu wa zamani.
Ndani, mkono wa ujana: mishono ya haraka, yenye majivuno.
Sikuucheka.
Palipokaza nimepaacha, palipolegea nimefumua.
Mwakani nitakwenda tena kupigwa picha.